Moyo kwenda mbio ndani ya daladala

Pole sana dada uliyeuliza kwa nini moyo wako unakwenda mbio ukiwa ndani ya daladala. Moyo kudunda, vidole kufa ganzi, kuhisi unakufa katikati ya abiria, halafu vipimo vya moyo vinatoka safi: hilo linafanana sana na shambulio la hofu (hofu kali inayokuvamia ghafla, kwa Kiingereza panic attack), na hata mimi limewahi kunishika. Ganzi huletwa na kuhema haraka mno. Likianza usishindane nalo. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, itoe taratibu hadi 6. Kilele huja ndani ya dakika 10 hivi, kisha linashuka. Mambo ya kupumulia ndani ya mfuko ili utulie, achana nayo. Usiache kupanda daladala, utaipa hofu nguvu; anza na vituo viwili vitatu. Yakijirudia, muone daktari wa afya ya akili, tiba ipo. Ila kifua kikibana na maumivu yakasambaa mkononi au tayani, au ukizimia, wahi hospitali saa hiyo hiyo.