Dada, usitume hiyo hela kabla hujashika karatasi mkononi

Dada mleta uzi, simama hapohapo. Jumatatu usitume hela yoyote.

Nimesoma ulichoandika mara tatu. Una picha 14 za ngano za Rungwe ulizochora kwenye kishikwambi, unataka kutoa kitabu cha watoto nakala 400, na umeuliza mambo matatu: uuze bei gani, usajili vipi kazi yako, na kama ni salama kumlipa mchapaji zote mapema, maana amekuhakikishia kuwa "rangi itatoka hivyohivyo unavyoiona". Waliotangulia wamekupongeza na bei wamekupa. Mimi macho yangu yameganda kwenye hiyo sentensi ya mwisho. Niliambiwa maneno hayohayo mwaka 2019, hapahapa Mbeya, nikayaamini, na deni lake nimelilipa miaka miwili.

Picha ulizoambatisha ni nzuri mno, na ndiyo maana nimeshindwa kupita kimya. Yule kipunji, tumbili wa milima yetu, mwenye mbawa za kipepeo na aliyekalia mwezi, nimemkodolea macho muda mrefu. Kipunji mwenyewe ni kama katoka kwenye ngano: watu wa Rungwe walikuwa wakimtaja, wageni wakadhani ni mnyama wa masimulizi, hadi watafiti walipomwona mlimani mwaka 2003, na 2005 dunia ikatangaziwa. Umemrudisha kwenye ngano alikotoka. Na lile joka la ziwa Ngosi lenye magamba ya majani ya migomba! Kijani kile kinawaka kwenye kioo cha simu kama taa. Sasa nisikilize: kijani hicho ndicho kitakachokufa cha kwanza.

Kitabu changu kilitokana na hadithi ya bibi, mama yake mama yangu, wa kule Tukuyu. Binti aliteremka ukingo wa Ngosi akakutana na joka, joka likammeza. Usiku likavuka naye milima ya Uporoto, likamtema Kitulo, naye akaota kama ua. Mama yake akamtafuta siku nyingi akipita katikati ya maua, yote ya zambarau, mpaka akaona moja linawaka rangi ya chungwa. Ilikuwa rangi ya khanga aliyojifunga binti siku aliyopotea. Ndivyo alivyomtambua. Hadithi nzima inaning'inia hapo, kwenye ile chungwa. Ukiitoa, huna hadithi.

Niliipa picha hiyo kurasa mbili zinazotazamana. Nilipanda Kitulo mwezi wa pili, mvua zikiwa zimekolea na maua yamejaa, kwa ile njia ya kona 57 kutoka Chimala kwenda Matamba. Wanasema uwanda ule una aina 350 za mimea, na okidi peke yake aina 45. Mimi sikuhesabu, nilikaa chini nikachora mpaka vidole vikafa ganzi kwa baridi. Kuna lile ua refu lililosimama kama mwenge, jekundu la machungwa kichwani. Nikampa binti umbo hilo: mwili wa ua, macho ya mtu, miguu inageuka mizizi. Kumzunguka nikaweka okidi za zambarau, kila moja na kijiuso chake. Wiki tatu kwa picha moja. Kwenye kishikwambi ukiifungua ile picha, jicho linakwenda kwa binti lenyewe kabla hujaambiwa.

Sasa yule bwana wa chapa aliyeniambia mimi maneno hayo. Hakuwa hata mchapaji, alikuwa dalali, ana chumba na kompyuta moja Mwanjelwa, kazi anazipeleka Dar. Sikulijua hilo hadi baadaye. Nakala 500 kwa shilingi 6,400 moja, jumla 3,200,000. Nilitoa 1,900,000 za viazi vya msimu mzima, na 1,300,000 nikakopa kikoba cha mke wangu. Nikamwomba sampo. Akacheka, akasema sampo ni za watu wasiojua kazi, mashine kubwa haiwashwi kwa ajili ya karatasi moja. Nikamwuliza rangi je? Akachukua simu yangu, akatazama, akasema: "Kaka, kinachoonekana ndicho kitakachochapwa." Akaniambia nimtumie picha kwa WhatsApp, nami nikatuma kama unavyotuma picha za harusi.

Mabunda yalifika stendi ya Nane Nane siku tano kabla ya maonyesho. Nilikuwa nimeshalipia nafasi ya meza viwanja vya John Mwakangale. Nikafungua bunda la kwanza palepale chini, watu wanapita na mizigo yao. Kava lilikuwa limefifia, nikajipa moyo kwamba ni vumbi la safari. Nikafungua kurasa za katikati.

Zambarau ilikuwa imegeuka kijivu cha bluu, kama maji yaliyofuliwa nguo. Chungwa ilikuwa kahawia. Siyo kahawia ya kuvutia, ni kahawia ya tope la Uyole mwezi wa tatu. Na ubaya mkubwa ni kwamba vyote viwili vilikuwa na uzito mmoja, hakuna kilichong'aa kuliko mwenzake. Nilimchora mimi, nilijua alipo, na bado nilimtafuta binti kwa kidole. Kurasa za usiku, zile za joka linavuka milima, zilikuwa zimegandana. Nikizitenganisha wino unahamia ukurasa wa pili, mwezi unapata madoa. Mistari ya nyuso za maua ilikuwa imevurugika kama picha iliyochukuliwa mtu akitembea.

Nilipeleka nakala kumi kwa rafiki yangu mwalimu wa darasa la pili. Akawasomea vizuri, watoto wametulia. Akafika pale mama anapoona ua linalowaka, akawaonyesha ukurasa. Kimya. Halafu mmoja akauliza, "Mwalimu, yuko wapi?" Wakasogea wote, wakaanza kubishana, huyu anaonyesha hapa, yule pale. Mmoja aliweka kidole kwenye doa la wino. Nilikuwa nimekaa nyuma ya darasa.

Na bibi. Nilimpelekea nakala yake Tukuyu kwa sababu nilikuwa nimemwahidi. Akaishika mapajani, akapitisha kiganja juu ya zile kurasa mbili, taratibu, mara mbili. Akasema, "Hapa mama yake hatampata."

Mnaotaka kucheka kwamba mtu mzima alilia kwa sababu ya wino, chekeni, mimi naendelea.

Nilimrudia yule dalali. Unajua alisema nini? Kwamba simu yangu ndiyo inayodanganya, ina rangi za kupitiliza. Yule mtu alikuwa anajua! Aliyefanya kazi ya chapa hata mwezi mmoja anajua kwamba kioo na karatasi haviwezi kutoa rangi moja, ni kama mtu wa mbegu kukuuzia za msimu uliopita huku anakutazama usoni. Hakunionya kwa sababu kunionya kungechelewesha malipo. Hasira hiyo sijaimaliza hadi leo, na nikiona sentensi yake imeandikwa kwenye uzi wako, neno kwa neno, mikono inanitetemeka.

Nikueleze kwa nini haiwezekani, ili mchapaji wako akikuambia tena uwe na la kumjibu. Kioo cha simu kinatoa mwanga. Kina nukta nyekundu, kijani na bluu, zikiwaka zote unapata nyeupe. Hiyo ndiyo RGB. Karatasi haitoi mwanga wowote, inarudisha ule unaoangukia, na wino unaumeza sehemu. Mashine ina wino nne, samawati, majenta, njano na nyeusi, ndiyo CMYK, na kila ukizidisha wino unazidisha giza. Kwa hiyo zipo rangi ambazo mwanga unaweza kuzitoa na wino hauwezi kabisa, hata mashine iwe mpya namna gani: kijani kinachowaka, zambarau na bluu kali, chungwa ya moto. Yaani rangi zote tunazozipenda sisi tunaochora vitu vya ndotoni. Faili la RGB likifika kwenye mashine, rangi zisizowezekana zinasogezwa hadi iliyo karibu inayowezekana, na hakuna anayekuuliza kama ndiyo uliyoitaka.

Kule kugandana kwa kurasa za usiku nako kuna sababu. Giza langu lilikuwa limerundikwa wino zote nne nyingi mno. Kwa kawaida jumla ya wino nne haitakiwi kuzidi kama asilimia 300 kwenye karatasi ya kung'aa, na kwenye karatasi ya kawaida inayonyonya ni chini ya hapo. Ukizidisha haukauki. Na ile mistari iliyovurugika ni WhatsApp, maana ukituma kama picha inaibana. Zangu zilifika zikiwa na pikseli 1600 upande mrefu. Kwa A4 hiyo haifiki pikseli 140 kwa inchi, wakati chapa nzuri inataka 300, yaani 2480 kwa 3508. Tuma kama faili, au peleka kwa flashi.

Wazee wetu wa rangi hawakuwa na shida hii. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora mwaka 1968 alipaka rangi za baiskeli juu ya hadibodi, na mnunuzi aliondoka na kitu kilekile alichokiona msanii. Sisi wa kioo hatujawahi kuiona picha yetu. Tumeona mwanga wake tu. Picha yako, dada, bado haijazaliwa, na wewe unataka kununua nakala 400 za kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona.

Kwa hiyo hili ndilo ninalokuomba, na nitalirudia hata mkinichoka: usilipe chapa nzima kabla hujashika karatasi moja iliyochapwa, kwenye karatasi ileile ya kitabu, ukaitazama mchana kando ya dirisha. Siyo kwenye taa za dukani, zile zinabadili rangi. Siyo picha ya karatasi aliyokutumia kwa simu, maana hapo umerudi kwenye kioo kilekile.

Atakuambia mashine kubwa haiwashwi kwa karatasi moja. Hapo atakuwa amesema nusu ya ukweli, ofseti, yaani hiyo mashine kubwa, inahitaji pleti nne, moja kwa kila wino, na kuziandaa ni gharama. Nusu aliyoificha ni kwamba mchapaji wa kweli anaweza kukutolea prufu ya rangi, yaani karatasi ya majaribio iliyopangwa kufuata mashine yake, na mnasaini wote wawili kwamba hiyo ndiyo kazi. Kikija kitu kingine una karatasi mkononi. Kama atachapa kwa mashine ya dijitali, basi hana kisingizio hata kidogo, karatasi moja ni dakika chache. Prufu inalipiwa, ndiyo, lipa. Mimi leo ningelipa laki mbili kwa furaha.

Akikataa kabisa, ondoka. Wala usibishane naye.

Jambo jingine unaloweza kulifanya leo usiku bure: geuza kila picha iwe ya mweusi na mweupe. Ukimpoteza kipunji kwenye mwezi wake, ujue ulimtegemeza kwa rangi peke yake, na rangi ikififia atapotea. Mimi binti yangu nilipomgeuza hivyo, baada ya hasara, alitoweka kabisa kwenye maua. Toleo la pili la mwaka 2021 nilichapa nakala 100 tu. Sikuongeza chungwa. Niliteremsha zile okidi zote ziwe za giza zaidi, na kumzunguka binti nikaacha ukingo mwembamba karibu na weupe wa karatasi. Chungwa ya chapa ni ileile iliyopooza, lakini sasa inawaka kwa sababu ya jirani zake. Upo pia uwezekano wa kuongeza wino wa tano uliochanganywa makusudi kwa rangi moja, ila huo una pleti yake na bei yake, na kwa nakala 400 sikushauri.

La kusajili ni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na usiogope, haki ni yako tangu ulipochora, usajili unakupa ushahidi.

Anza na joka. Usianze na kipunji, kipunji atapona, bluu yake imetulia. Kesho asubuhi mpigie huyo bwana, mwambie unataka ukurasa wa joka uchapwe mmoja, kwenye karatasi ileile aliyokupangia bei, na gharama yake utatoa. Ukiupata uweke mezani kando ya kishikwambi, mwanga wa dirishani, upige picha vyote viwili kwa pamoja, uilete hapa. Nitakuwa nasubiri.