Macho Mapya Hutumika Mara Moja: Kuomba Maoni ya Filamu Fupi ya Kutisha

Mtu akishashtuliwa na mlango unaofunguka ghafla kwenye filamu yako, hashtuki tena. Ndiyo maana maoni ya filamu ya kutisha yanahitaji mpango: kila mwenzako anayetazama rasimu yako ameshatumika. Usiitume kwa darasa zima usiku uleule uliomaliza kuunganisha vipande. Ukiwa na watazamaji 12, wagawe wannewanne: kundi la rasimu ya kwanza, la pili, na la akiba hadi uhariri wa picha ukaribie kukamilika. Waliosoma skripti au kushika taa siku ya kurekodi hawahesabiki, maana wanajua nani yuko nyuma ya pazia.

Rasimu isiyo na sauti usiionyeshe kabisa. Hofu nyingi huingilia masikioni, kwa hiyo weka walau sauti za muda: mvumo wa chumba, nyayo, mlio wa mshtuko. Bila hizo utaambiwa "haitishi", nawe utakata picha zisizo na kosa. Zima taa, tumia spika nzuri au headfoni. Spika ya simu haitoi mvumo mzito wa chini. Wakisema hawakuona kitu, hakikisha kwanza mwanga wa skrini kabla ya kugusa rangi.

Unapotoa faili, acha dakika na sekunde zionekane pembeni mwa picha. Kisha kaa ubavuni mwa watazamaji, uangalie nyuso zao badala ya filamu. Andika: 2:14 ameshika simu, 3:05 amejikunyata, 4:10 amecheka. Kicheko kisikuvunje moyo upesi. Kinachofuata mara baada ya mshtuko huwa ni cha kushusha pumzi, na ni dalili nzuri. Kinachotoka wakati kiumbe kimesimama tu, hakijafanya lolote, mara nyingi maana yake barakoa imeonekana muda mrefu mno. Ipunguze hadi fremu 12, yaani nusu sekunde kwa filamu ya fremu 24 kwa sekunde, ujaribu tena.

Usitoe utangulizi wala kuomba radhi. Ikiisha, kila mmoja aandike kimya kwa dakika tano kabla ya mazungumzo, kwa sababu msemaji wa kwanza huwavuta wengine. Wao wenyewe waeleze kilichotokea kwa sentensi mbili, kisha wataje walipoogopa, walipochoka na walipopotea. Swali la "inatisha?" liache, rafiki atajibu ndiyo.

Unaposoma majibu, amini mahali walipopataja kuliko dawa waliyopendekeza. Mwenzako akitaka mshtuko wa 4:10 uongezwe sauti, rudi nyuma hadi 3:40. Pengine taharuki haikujengwa, au muziki ulipanda mapema ukamwonya. Jaribu sekunde tatu za ukimya kabla ya mlio. Aghalabu hufanya kazi kuliko kelele zaidi. Watatu kati ya wanne wakigusa sehemu moja, irekebishe hata kama ndiyo uipendayo. La mmoja linaweza kusubiri, isipokuwa kama hakuelewa nani amekufa.

Usijitetee wakati wanazungumza. Ukishaeleza maana ya kioo kilichovunjika, hutajua kamwe kama filamu yenyewe iliieleza.

Kundi la pili lisiambiwe kilichobadilika. La kwanza bado lina kazi: lipe rasimu mpya likague kama hadithi inaeleweka, kama midomo inaenda na maneno, na kama majina ya mwishoni yameandikwa sawasawa.