Maswali ya Wasomaji: Trekta dogo lililotumika

SWALI: Nina ekari 6 Misungwi: 2 ni majaruba ya mpunga, 4 ni luseni (udongo wa kichanga) ya mahindi na viazi vitamu. Mwanza mjini nimeonyeshwa Kubota ya nguvu farasi 24, inayovuta kwa magurudumu manne, ina rotaveta (jembe la visu vinavyozunguka), na mita ya kazi ya injini inasoma saa 1,100. Kuna pia Massey Ferguson 240 ya zamani yenye plau ya diski. Nichukue ipi?

JIBU: Kubota, ikifaulu ukaguzi. Massey ina karibu tani mbili na inavuta kwa nyuma tu. Jarubani itazama na kubomoa kingo. Ingekufaa kama unalimia watu mbuga (udongo mzito mweusi) kwa kukodisha.

Hizo saa 1,100 zisikubabaishe, mita hubadilishwa. Tazama mpira wa pedali ya klachi na matundu ya pini kwenye mikono ya kunyanyulia. Pedali iliyobaki chuma na tundu lililogeuka umbo la yai ni kazi ya saa nyingi zaidi ya hizo.

Nenda asubuhi, injini ikiwa baridi. Ukiigusa ukakuta ya moto, imeshawashwa kukufichia kitu. Rudi siku nyingine. Moshi mweupe kidogo mwanzoni si neno. Wa buluu usiokoma hata injini ikipata joto maana yake inakula oili. Fungua kifuniko cha kujazia oili ikiwa inaunguruma: ikipumua kwa nguvu kama birika, ringi za pistoni zimekwisha.

Wengi huiruka ekseli ya mbele, na kwenye jaruba ndiyo hufa mapema. Sili (mipira ya kuzuia oili isitoke na maji yasiingie) zikichakaa, maji ya tope huingia, oili hugeuka kama chai ya maziwa, beringi zikaliwa kimyakimya. Trekta likiwa limelala tangu jana, legeza nati ya kumwagia oili kila upande. Yakitangulia maji, punguza bei kwa gharama ya sili, beringi na pengine gia, au achana nalo. Hakikisha pia tairi za mbele ni za saizi yake. Zikiwa tofauti, mbele na nyuma hushindana, na kwenye ardhi kavu gia za mbele huvunjika.

Nyanyua rotaveta, zima injini. Ikishuka ndani ya dakika chache, haidroliki inavuja. Kisha washa tena, gia ya juu, breki chini, achia klachi taratibu: injini isipozimika, klachi inateleza.

Rotaveta hiyo iache jarubani. Kwenye luseni husaga udongo ukawa vumbi, mvua ikausomba. Huko funga jembe la kupigia matuta.

Namba ya chesisi ifanane na ya kwenye kadi ya usajili.

SWALI: Nina ekari 2 tu za mpunga, Magu. Nami ninunue trekta?

JIBU: Hapana, pawatila (trekta la mkono la magurudumu mawili) inatosha. Kagua mikanda, visu na beringi za rotaveta.