Hedhi ilikoma, mbona naona damu tena?

SWALI: Hujambo, dada nesi. Nina miaka 51, nakaanga samaki Dunga, Kisumu. Hedhi yangu ilikoma mwaka juzi. Tangu hapo joto hunipanda kifuani hadi usoni, na usiku naamka leso imelowa. Kwenye zahanati niliambiwa ni umri, nikapewa dawa ya maumivu. Wifi yangu anayefanya kazi ya ofisi alipimwa, akapewa homoni, sasa analala vizuri. Anataka kunigawia. Wiki jana niliona damu siku mbili. Jirani anasema hedhi imerudi. Ni kweli?
Mama Ngege

JIBU: Mama Ngege, si kweli. Ukishamaliza miezi 12 mfululizo bila hedhi, damu yoyote, hata tone, si hedhi tena. Mara nyingi huwa ni ukavu na wembamba wa ngozi ya ndani ukeni, lakini saratani ya mji wa mimba au ya mlango wa kizazi nayo huanza hivyohivyo. Nenda wiki hii hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, uanze na maneno haya: "Nilikoma hedhi zaidi ya mwaka, sasa natokwa na damu." Usitangulize joto, wasije wakakurudishia lile jibu la umri.

Vidonge vya wifi usiviguse kabla chanzo cha damu hakijajulikana. Na kama unatumia ARV, zile dawa za virusi vya UKIMWI (nawauliza wote wanaoniandikia), mwambie daktari, kwa sababu baadhi yake hazipatani na homoni.

Sasa hilo la wifi. Miili yenu imepitia jambo lilelile: homoni ya estrojeni imeshuka, na sehemu ya ubongo inayopima joto hushtuka kwa kidogo tu. Ila yeye likimpanda amekaa kivulini. Wewe umeinamia karai ya mafuta saa saba mchana, na usiku unalala chini ya mabati yaliyopigwa jua kutwa. Yeye SHA, ile bima ya afya ya serikali, hukatwa kwenye mshahara kila mwezi. Wewe wa biashara ndogo unatakiwa ulipe ya mwaka mzima kwa mpigo, kuanzia shilingi 3,600, na kama haijalipwa, hospitali kubwa itakudai taslimu. Muulize mhamasishaji wa afya wa mtaa wenu, atakusaidia kujisajili.

Nilihudumu kliniki ya akina mama miaka mingi. Daftari letu lilikuwa na safu ya wajawazito, ya chanjo, ya kupanga uzazi. Mwanamke wa miaka yako alipoingia, nilimwandika "mengineyo", nikampa Panadol, nikaita anayefuata. Inaniuma hadi leo. Aliyekuhudumia huenda hakuwa mtu mbaya. Hakufundishwa, kama mimi nilivyokuwa.

Joto lina matibabu, hata yasiyo ya homoni. Ulizia hayo damu ikishachunguzwa. Omena uendelee kula nzima na mifupa yake, maana mifupa yako inahitaji ile kalisi.

Nenda na mtu, kisha uniandikie walivyokuambia. Nitasubiri barua yako.