Nyoka katapika panya? Usimlishe tena kabla ya siku 14

Mkuu, huyo panya uliyemtoa kwenye friza asubuhi mtupe. Usimpe nyoka leo, usimpe kesho, usimpe hata wiki ijayo. Umeandika kwamba nyoka-mahindi wako (corn snake) wa mwaka mmoja, gramu 120, alitapika juzi, na sasa anazunguka kwenye kioo akitoa ulimi, kwa hiyo unataka kumlisha "asije akafa njaa". Njaa haimuui. Mlo wa pili wa haraka ndio unaoua. Nilimpa wangu, na leo sinaye.

Kinachonichoma ni kwamba ushauri huu bado unatolewa madukani. Akitapika, mpe mwingine upesi arudishe nguvu! Aliyeniambia hivyo hakuuliza joto la tanki, hakuuliza uzito wa nyoka, hakuuliza panya alikuwa mkubwa kiasi gani. Mtu asiyejua kwamba nyoka aliyetapika anapumzishwa wiki mbili hafai kuuza viumbe hai.

Elewa kinachotokea mle ndani. Nyoka hatafuni. Panya anaingia mzima, mara nyingi kichwa kwanza, na kazi yote inafanywa na asidi na vimeng'enya. Ndiyo maana ukimtazama yule aliyetapikwa unakuta kichwa kimelainika au kimeisha kabisa, huku mkia na miguu ya nyuma vingalipo, manyoya yamelowa ute unaonuka vibaya. Ute huo una asidi, na umepita kooni ukirudi, kwenye njia isiyoumbwa kuhimili asidi. Umio limebabuka. Nyoka kapoteza pia maji na chumvi za mwili.

Sasa unamtumbukizia panya mwingine siku ya tatu. Anaingia kwenye tumbo lililowasha, lenye juisi pungufu. Panya naye ana bakteria wake utumboni, na kwenye joto la nyuzi 30 hawamsubiri mtu. Anaoza kabla hajasagwa, gesi inajaa, nyoka anamtoa tena. Safari hii umio linababuka zaidi na mwili unakauka zaidi. Ukifika mara ya tatu unamwona uti wa mgongo umechongoka na ngozi ya ubavuni imekunjamana, na kumrudisha kutoka hapo ni kazi ya daktari, tena bila uhakika.

Ile hamu yake isikudanganye. Atamrukia panya na kumbana kama hajawahi kuumwa. Hamu ya kula haikuambii kama tumbo limepona.

Kwa hiyo siku 14 kamili, ukihesabu kuanzia siku aliyotapika. Katika muda huo, maji safi kila siku, tanki lisafishwe kwa maji ya moto na sabuni (vaa glavu, na usilioshee kwenye sinki la jikoni, kuna salmonela, bakteria wa kuharisha), maranda yabadilishwe yote, na nyoka asishikwe isipokuwa kumpima kwa mizani ya gramu mara moja kwa wiki. Siku ya 15 mpe kitoto cha panya kisicho na manyoya, gramu 3 hivi. Najua kwa nyoka wa gramu 120 kinaonekana kama tone. Hicho hicho. Subiri siku 10. Kikikaa, mpe cha gramu 5 au 6, subiri tena siku 10, kisha cha gramu 8. Ukishaona kinyesi cha kawaida baada ya hapo, ndipo urudi kwenye mlo wake wa gramu 10 hadi 12. Akitapika katikati ya ngazi hii, usijaribu mara nyingine mwenyewe. Nitalisema hilo mwishoni.

Kilichomtapisha mwanzoni umekiandika mwenyewe bila kujua. Panya wa gramu 25 ni kama sehemu ya tano ya uzito wake. Kwa umri huo kaa kwenye asilimia 10, na unene wa panya usipite sana unene wa nyoka pale alipo mnene zaidi. Halafu kesho yake ukamtoa kuwaonyesha wageni. Baada ya kula, mikono mbali kwa saa 48, na kama mlo ulikuwa mkubwa, saa 72. Nyoka mwenye tumbo lililojaa akiona hatari huutema mzigo ili aweze kukimbia. Mikono ya wageni watatu ni hatari tosha.

Joto nalo likague leo. Hicho kipimajoto cha mshale ulichobandika kwenye kioo kinapima kioo, wala hakikuambii nyoka amelalia nini. Weka kihisi cha joto sakafuni, chini ya maranda, juu kabisa ya mkeka wa joto, maana huko ndiko anakochimba. Upande wa joto uwe nyuzi 29 hadi 31, wa baridi 22 hadi 25, na kila upande uwe na pango la kujifichia, la sivyo atakaa alipojificha hata kama kuna baridi. Mkeka lazima upite kwenye thamostati, kifaa cha kudhibiti joto. Bila hiyo unaweza kumuunguza, na joto kali nalo linatapisha sawa na baridi. Uko Uingereza, ni majira ya baridi: kama hita ya nyumba inazimwa usiku, pima saa kumi alfajiri, usipime jioni.

Panya wa friza ayeyukie kwenye friji usiku kucha, kisha ndani ya mfuko kwenye maji ya moto kiasi. Mbonyeze tumbo. Ukihisi kigumu au ubaridi ndani, bado. Maikrowevu hapana, inampika upande mmoja na kumwacha barafu upande mwingine.

Akitapika tena hata baada ya wiki mbili na kile kitoto cha gramu 3, mpeleke kwa daktari wa wanyama anayejua reptilia. Omba apime kriptosporidiamu (kimelea cha tumboni), hasa ukiona uvimbe katikati ya mwili. Matapishi yatie kwenye chombo kilichofungwa vizuri uende nayo, na kama una nyoka mwingine, usitumie koleo lile lile kwa wote wawili.