Barua kwa mwanangu: Kiapo cha Maedhros

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na swali lako pia. Unauliza kama Maedhros alikuwa mtu mbaya au mtoto mwema aliyefungwa na kiapo cha baba yake. Tena umeshajihukumia mwenyewe: hakuwa na la kufanya, maskini. Mimi hapo sikubaliani nawe, ingawa namlilia kuliko unavyomlilia wewe.

Dada yako ataisoma barua hii kabla haijakufikia, ndiyo kawaida yake, na yeye The Silmarillion, kitabu cha Tolkien chenye habari hizi, hajakifungua. Basi nimweleze kwa ufupi. Waelfi wa Tolkien ni viumbe wasiozeeka. Fëanor, mwana wa mfalme Finwë, alikuwa fundi asiye na mfano. Alitengeneza vito vitatu vilivyoitwa Silmaril, akafungia ndani yake nuru ya Miti Miwili iliyoangaza nchi ya Valinor. Morgoth, adui mkuu wa Waelfi, akaiua ile Miti, akamuua Finwë, akaiba vito na kutoroka navyo ng'ambo ya bahari. Fëanor na wanawe saba wakaapa hadharani, kwa jina la Muumba, kwamba yeyote atakayeshika Silmaril watamwandama hadi mwisho wa dunia, awe adui au rafiki. Wasipotimiza, Giza la Milele liwachukue. Maedhros ndiye kifungua mimba wa hao saba.

Sasa nikurudie wewe. Unasema hakuweza kumkatalia baba yake. Soma tena habari za Losgar, pale walipotua baada ya kuvuka bahari kumfuata Morgoth. Walikuwa wameshawaua Wateleri, Waelfi wenzao wa pwani, na kunyang'anya merikebu zao, na kwa kuwa merikebu hazikutosha, wengi wa watu wao wamebaki ng'ambo wakingoja kufuatwa. Maedhros akamuuliza baba yake nani aanze kuletwa, labda Fingon? Fingon alikuwa rafiki yake wa tangu zamani. Fëanor akacheka kama mwendawazimu, akaamuru merikebu zitiwe moto. Wenzake wakachoma. Maedhros peke yake alisimama kando.

Kumbe kukataa aliweza! Ila angalia alivyokataa: hakushika mwenge, lakini wala hakuzuia mtu. Alisogea pembeni akatazama. Ukikishika kipande hicho vizuri, maisha yake yote yaliyobaki utayaelewa.

Yaliyompata baadaye hakuna anayeweza kuyasoma bila kumhurumia. Fëanor alipouawa, Morgoth alijifanya anataka suluhu, Maedhros akaenda na watu wake, wakauawa wote isipokuwa yeye. Akatundikwa kwenye jabali la Thangorodrim, juu kabisa, kwa pingu ya chuma kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Wale waliotelekezwa ng'ambo wakavuka barafu ya Helcaraxë kwa miguu, wengi wakafia njiani. Ungetegemea wafurahie kusikia alipo. Fingon akaenda kumtafuta peke yake. Hakuona njia, akakaa na kinubi chake akaimba wimbo wa kwao Valinor, na sauti ikamwitikia kutoka juu. Maedhros alikuwa akimwomba ampige mshale afe. Fingon akavuta upinde huku analia, akamwomba Manwë, mkuu wa watawala wa Valinor, na tai Thorondor akashuka kumpandisha. Pingu ikakataa kukatika. Fingon akaukata mkono.

Akapona, akajifunza upanga kwa mkono wa kushoto, akawa wa kuogopwa zaidi. Na lile nililolipenda kuliko yote: aliomba msamaha kwa yaliyotokea Losgar, akamwachia ufalme Fingolfin, baba yake Fingon, wakati baadhi ya ndugu zake hawakupenda. Kisha akawachukua ndugu zake mashariki, yeye akakaa Himring, kilima cha baridi kilichotazamana na adui, mbali na watu ambao wangeweza kugombana nao. Huyo ni mtu anayejua tabia za nyumbani kwao. Kiapo kipo pale pale, na miaka mingi inapita hajamgusa Mwelfi yeyote.

Kwa hiyo ukiniambia kiapo kilimsukuma kama upepo unavyosukuma ngalawa, nakuuliza: miaka ile yote upepo ulikuwa wapi?

Wapenzi wawili, Beren na Lúthien, walipoitoa Silmaril moja kwa Morgoth, na Lúthien akaivaa, hakuna mwana wa Fëanor aliyethubutu kumshambulia. Wakangoja afe. Ilipomfikia mwanawe Dior, ndipo wakaingia Doriath, ufalme wa Dior, kwa upanga. Ndugu zake watatu wakafa huko, na Dior akafa. Watoto wawili wa kiume wa Dior wakatupwa msituni na watumishi wa Celegorm, mmoja wa ndugu hao watatu, wafe njaa. Maedhros akajuta, akawatafuta muda mrefu, hakuwapata. Kisha akasikia kito kipo kwenye bandari za Sirion kwa Elwing, binti ya Dior. Akazuia mkono wake kwa majuto ya Doriath. Halafu akaacha kuuzuia. Wakimbizi wa vita wakachinjwa tena na Waelfi wenzao, na pacha wa mwisho, Amrod na Amras, wakafa.

Unaona? Wema wake unakuja kila mara kabla au baada. Saa yenyewe ya kusema basi ikifika, haupo.

Sisi tumelelewa tukijua kiapo kina mlango wa kutokea. Bibi yako aliwahi kuapa kwa hasira kwamba hatakanyaga kwenye harusi ya shangazi yako. Wakapatana, akalisha maskini kumi, akaenda kula pilau. Na tumefundishwa kwamba ukiapa jambo kisha ukaona lililo bora kuliko hilo, fanya lililo bora na utoe kafara. Kiapo cha dhambi hakitimizwi. Maedhros aliamini kiapo chake hakina kafara, kwa sababu aliyetajwa ni Muumba mwenyewe, na nani atafika kwake kuomba atenguliwe?

Ila hata humo kitabuni jibu lipo, na linatoka kwa mdogo wake. Vita vimekwisha, Morgoth ameshindwa, Silmaril mbili zipo kambini kwa Eönwë, mjumbe wa Manwë aliyeongoza jeshi lililoshinda. Maglor amechoka, anataka wajisalimishe. Hoja yake ni nzito: kama hakuna wa kututengulia, basi Giza litatupata tukitimiza au tukivunja, na tukivunja tutakuwa tumetenda maovu machache. Maedhros aliyasikia. Wakaua walinzi wakachukua vito. Walipozingirwa, Eönwë akakataza wasiuawe, wakaachiwa waende zao.

Maedhros alibaki na mkono mmoja, na kito kikauunguza huo huo. Akajua hana haki nacho tena. Akajitupa nacho katika ufa wa ardhi uliojaa moto.

La mwisho. Umeandika kwamba kuwalea Elrond na Elros, watoto wa Elwing, kunampunguzia hesabu. Hapo umemwongezea, mwanangu. Aliyewahurumia wale watoto hadi wakapendana ni Maglor, kitabu kinamtaja kwa jina. Kama unao ukurasa unaosema vinginevyo, nionyeshe. Na ukija likizo njoo na kitabu changu, kimekaa kwako vya kutosha, nataka nizisome kurasa za Sirion tena kabla hatujabishana sawasawa.

Wasalaam,
Mama yako