Kihisi cha leza na chuma kinachong'aa

SWALI: Ndugu Mhariri, nasimamia ukaguzi katika karakana inayotengeneza matangi ya maziwa ya chuma kisichoshika kutu. Tumefunga kihisi cha leza cha kupima kimo cha mshono wa kuchomelea. Kwenye mabamba ya chuma cheusi namba zinatulia, lakini kwenye matangi zinarukaruka, na penye kona kinaonyesha matuta ambayo tukipapasa kwa kidole hatuyakuti. Je, kifaa ni kibovu?
Mkaguzi, Arusha

JIBU: Ndugu Mkaguzi, usikirudishe kifaa bado, kwani kwa jinsi ulivyoeleza, tatizo liko kwenye mwanga.

Kihisi cha aina hii hakigusi chuma. Mwali wa leza hupitishwa kwenye lenzi inayoutandaza uwe mstari mwembamba juu ya bamba, na kamera iliyowekwa mshazari huutazama mstari huo ukipinda kila mahali uso unapoinuka au kubonyea. Pembe baina ya leza na kamera ikiwa nyuzi 30, uso ukiinuka milimita 1, kamera huuona mstari umehama nusu milimita, na hesabu ya pembetatu hugeuza kuhama huko kuwa kimo. Kwa hiyo kinachopimwa hasa ni mwanga uliorudi kutoka kwenye chuma. Mwanga ukipotea njia, kipimo nacho hupotea.

Chuma cheusi kina uso uliofifia, nao hutawanya mwanga kila upande, hata kamera ikapata fungu lake popote ilipo. Chuma kilichosuguliwa kikang'aa hufanya kama kioo, kikautupa mwanga karibu wote upande mmoja. Upande huo usipokuwa wa kamera, mstari hukatika. Ukiilenga kamera, picha hujaa weupe na kihisi hakijui tena kitovu cha mstari kiko wapi. Penye kona ni vibaya zaidi, kwa sababu mwanga uliogonga bamba la kwanza hurukia la pili, kamera ikaona mistari miwili na pengine kihisi kikaushika ule wa uongo. Naamini hayo ndiyo matuta yenu.

Chukua kipande chakavu chenye mshono, ukipulizie nusu yake ile rangi nyeupe ya kutafutia nyufa, kisha upime. Namba zikitulia upande mweupe tu, kifaa ni kizima. Rangi hiyo iwe ya jaribio tu, kwa maana ina unene wake, tena haifai kubaki kwenye tangi la maziwa. Baada ya hapo punguza muda wa kamera kupokea mwanga, inamisha kihisi kidogo kidogo leza ikiwa imezimwa, ukiiwasha kila baada ya hatua ili utazame picha, na uweke mpaka wa eneo ambamo mstari unatafutwa ili mwako wa pembeni usihesabiwe. Utauziwa pia leza ya buluu, ya nanomita 405 au 450. Hiyo husaidia sana kwenye chuma kilichoiva kwa moto, ambacho chenyewe hutoa mwanga mwekundu. Kwa mshono uliopoa, jaribu kwanza haya yasiyo na gharama.

Nakusihi jambo moja: zima leza kabla ya kukiinamisha kihisi. Hata leza ya daraja la 2, ambayo haizidi miliwati 1, haifai kukodolewa macho, na bamba linalong'aa laweza kuurudisha mwali usoni mwa fundi aliyesimama kando.